Mabao mawili ya mchezaji wa daraja la pili

Tangu Taifa Stars irejee kutoka Morocco, ambako ilivuka hatua ya makundi ya Fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake kabla ya kutolewa na wenyeji kwa bao 1-0, mjadala wa mashabiki umehamia kwenye majina ya kikosi. Iweje timu ya taifa imbebe Tarryn Allarakhia wa Rochdale, klabu iliyokuwa daraja la tano Uingereza? Iweje Haji Mnoga wa Salford City, timu ya daraja la nne, apewe nafasi ilhali wapo mabeki wa hapa nyumbani wanaokutana na vigogo wa Afrika kila msimu? Maswali haya yanaulizwa kwa ukali zaidi kwa kuwa fainali za 2027 zitachezwa kwetu, yaani Kenya, Uganda na Tanzania, na kila mtu anataka aliye bora ndiye avae jezi. Nayaheshimu, kwa sababu yanatoka kwa watu wanaoipenda timu yao. Hata hivyo yamejengwa juu ya kipimo kibovu. Daraja la ligi peke yake linatueleza machache sana kuhusu mchezaji. Yanayotueleza mengi ni dakika anazocheza, umri alio nao anapozicheza, na kama hapo alipo pana mlango wa kutokea kwenda juu. Tukiendelea kuhesabu madaraja tu, tutaendelea kuwadharau watu wale wale wanaokuja kutufunga.

Mtanzania anayebisha hilo akumbuke Cairo, Juni 27, 2019. Tulicheza na Kenya tukijua kwamba ushindi ungetufufua. Simon Msuva alitupa bao la mapema. Michael Olunga akasawazisha, Mbwana Samatta akaturudisha mbele papo hapo, na tukaenda mapumziko tukiwa tunaongoza 2-1. Kipindi cha pili Johanna Omolo akasawazisha kwa kichwa, kisha dakika ya 80 Olunga akafunga tena, na safari yetu ikaishia pale. Siku ile mshambuliaji wetu Samatta alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa Ubelgiji akiwa na Genk. Mshambuliaji wao, aliyetufunga mabao mawili, alikuwa mchezaji wa daraja la pili nchini Japani.

Safari ya Olunga kufika huko inastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu tunachokosea katika mjadala huu. Aliondoka Gor Mahia akaenda Djurgården ya Sweden mwaka 2016, na mwaka uliofuata akauzwa China kwa Guizhou Zhicheng, kisha akapelekwa kwa mkopo Girona, iliyokuwa Ligi Kuu ya Hispania. Januari 2018 aliingia akitokea benchi dhidi ya Las Palmas, akafunga mabao matatu katika ushindi wa 6-0, na Kenya nzima ikalala ikishangilia. Lakini mabao yale hayakumpa namba ya kudumu. Mwaka huo huo alitua Kashiwa Reysol ya Japani, na kabla hata hajazoea mazingira timu ikashuka daraja. Kwa hesabu za vijiweni mwetu, mtu aliyetoka Hispania akaangukia daraja la pili la Japani amekwisha. Kilichobaki ni kumsubiri arudi tumpokee uwanja wa ndege kwa huruma.

Kilichotokea ni kwamba alicheza. Msimu wa 2019 alifunga mabao 27 katika mechi 30 za ligi. Siku ya mwisho ya msimu, Novemba 24, Kashiwa ikiwa tayari imeshatwaa ubingwa wa daraja hilo, Olunga peke yake aliifunga Kyoto Sanga mabao manane katika mechi iliyokwisha 13-1. Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kufunga mengi kiasi hicho katika mechi moja ya ligi hiyo ya Japani. Mwaka uliofuata timu ilirudi daraja la kwanza na yeye akafunga mabao 28, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa msimu wa nchi nzima. Januari 2021 Al-Duhail ya Qatar ikamchukua, na kule nako akaendelea kuwa mfungaji bora. Msomaji anaweza kusema kwamba Olunga alikuwa na kipaji tangu Nairobi na angefika tu. Sikatai kipaji chake. Nakumbusha tu kwamba kipaji hicho hicho kilikuwa kimekaa benchi Hispania, na mwenye nacho hakuondolewa benchi hata na mabao matatu ya mechi moja. Kilichobadilika kati ya Girona na Kashiwa ya 2020 ni mwaka mzima wa kuanza mechi wiki baada ya wiki, kukosa bao Jumamosi akijua Jumamosi ijayo atakuwepo tena, na kuaminiwa na kocha mmoja. Mwaka huo aliupata daraja la pili.

Upande wetu tunaye Novatus Dismas Miroshi. Aliondoka Azam FC akiwa bado kijana mdogo, baada ya kupitishwa kwa mkopo Biashara United ya Musoma, akaenda Maccabi Tel Aviv. Huko hakuwekwa kikosi cha kwanza. Alipelekwa kwa mkopo Beitar Tel Aviv Bat Yam, timu ya daraja la pili la Israel ambayo nina hakika mashabiki wengi wa Kariakoo hawakuwahi kulisikia jina lake kabla ya hapo. Mwaka 2022 akahamia Zulte Waregem ya Ubelgiji, na mwisho wa msimu timu hiyo ikashuka daraja. Daraja la pili, kisha kushuka daraja: angekuwa mchezaji wa Simba au Yanga mwenye historia hiyo, tungemwita mkosi. Lakini miezi michache baadaye Shakhtar Donetsk ilimchukua kwa mkopo, akaingia katika kundi moja na Barcelona, Porto na Antwerp kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya, akawa Mtanzania wa pili kucheza mashindano hayo baada ya Samatta. Mwaka 2024 Göztepe ya Uturuki, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu, ikamsajili. Wasaka vipaji wa Shakhtar hawakuwa vipofu. Waliona kijana mwenye miaka ishirini na moja ambaye tayari alikuwa amekwisha kucheza na wanaume wazima katika nchi mbili za kigeni, anayeweza kusimama kiungo na anayeweza kusimama pembeni nyuma. Msimamo wa ligi ulisema timu yake imeshindwa, wao wakamtazama yeye na kazi aliyokuwa akiifanya ndani ya timu hiyo iliyoshindwa.

Hapa lazima niseme jambo linalonibana mwenyewe, maana mifano miwili ya mafanikio haitoshi kujenga sheria. Wengi wanaocheza madaraja ya chini hawapandi. Adi Yussuf alizaliwa Zanzibar, akalelewa katika akademi ya Leicester City, na tangu hapo akazunguka Burton, Lincoln, Mansfield, Grimsby, Barrow, Solihull Moors na kwingine, kati ya daraja la nne na la tano kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya mpira. Hakuna Barcelona katika simulizi lake. Lakini aliishi kwa mpira kwa zaidi ya muongo mmoja, na kutoka timu ya daraja la tano akaitwa katika kikosi chetu cha Cairo 2019. Wanaoliita hilo kushindwa wawe waangalifu kidogo. Daraja la nne Uingereza lina timu 24, na kila timu hucheza mechi 46 za ligi. Daraja la tano ni hivyo hivyo. Ligi Kuu yetu ina timu 16 na mechi 30. Beki wa Salford anayeshika namba yake msimu mzima amecheza mechi 16 za ligi zaidi ya beki wa hapa nyumbani aliyeshika namba yake msimu mzima, nyingi zikiwa Jumanne usiku kwenye mvua, mpira ukipigwa juu moja kwa moja kuelekea kichwani kwake na mshambuliaji mwenye kilo tisini akija naye. Si mpira mzuri wa kutazama, nakubali. Ila ukimwuliza kocha anayehitaji mtu wa kuondoa mipira ya juu dakika ya 85, atakwambia mazoezi hayo hayanunuliwi dukani.

Na hilo tuliliona Desemba 27, 2025, tulipocheza na Uganda. Niliitazamia mechi hiyo katika kibanda umiza kimoja, tukiwa tumebanana mabenchi ya mbao, na Msuva alipofunga penalti pale ndani palikuwa hapakaliki. Kisha zikiwa zimebaki kama dakika kumi Uche Ikpeazu akaingiza kichwa, 1-1. Kijana aliyekaa mbele yangu alitoa simu, akaanza kusoma kwa sauti timu alizowahi kuchezea mfungaji: Crewe, Port Vale, Cambridge United, Wycombe. Hakuna aliyecheka. Ikpeazu amezaliwa London na sehemu kubwa ya kazi yake ameifanya nje ya Ligi Kuu ya Uingereza, kwenye viwanja ambako mshambuliaji hulipwa kwa kufika kwenye krosi kabla ya beki. Alifika kabla ya beki wetu.

Sasa niingie kwenye tofauti ambayo naiona ndiyo kiini cha suala zima, na ambayo wanaotetea kwenda nje kwa vyovyote vile huipuuza. Kucheza timu ya wakubwa ya daraja la pili na kucheza kikosi B cha klabu kubwa ni vitu viwili tofauti, ingawa katika magazeti yetu vyote huitwa "anacheza soka la kulipwa Ulaya". Farid Mussa alipoondoka Azam kwenda Tenerife ya Hispania alikuwa winga wa timu ya taifa aliyekwisha kuthibitika. Tenerife yenyewe ilikuwa daraja la pili, mahali pazuri kabisa kwa umri wake. Ila muda wake mwingi aliutumikia kikosi B, daraja la nne, na mwaka 2020 akarudi nyumbani kujiunga na Yanga, ambako ametwaa mataji. Simlaumu Farid hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kikosi B kina kusudi lake: kumlea kijana wa klabu hadi kocha wa wakubwa amhitaji. Timu ya wakubwa ya daraja la pili kusudi lake ni kushinda Jumamosi hii, na kama wewe ndiye unayeisaidia kushinda utacheza, uwe umetoka Musoma au Madrid. Mambo haya yanapaswa kuulizwa kabla ya kusaini, na ni nadra sana kuulizwa.

Hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu inahusu nyumbani, na inazidi kuwa na nguvu kila mwaka. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba ikacheza fainali hiyo hiyo 2025. Fiston Mayele alitoka Yanga akaenda Pyramids ya Misri, na huko akawa bingwa wa Afrika, bila kupitia daraja la tatu la nchi yoyote. Bao letu dhidi ya Tunisia kule Morocco lilifungwa na Feisal Salum, mtoto wa Zanzibar aliyekuzwa kisoka hapa hapa. Mwenye hoja hii anauliza kwa nini mtu aache mshahara mzuri, uwanja uliojaa na mechi za Afrika, akakimbilie baridi mbele ya watazamaji elfu mbili. Namjibu kwamba kwa mchezaji aliyefikia hapo, asiende. Kiungo mwenye miaka 26 anayeanza kila mechi ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika hana cha kutafuta daraja la tatu Ulaya isipokuwa picha za theluji. Lakini hoja hii inamhusu aliye na namba, nami namfikiria asiye nayo. Kanuni za ligi yetu zimeruhusu klabu kusajili wageni 12. Sipingi wageni, ndio waliotufikisha kwenye fainali hizo. Hata hivyo kijana wa miaka 19 aliyesajiliwa na klabu kubwa, akakalia benchi nyuma ya Mkongo na Mburkinabe, anacheza dakika ishirini kwa mwezi na jioni anapigwa picha na mashabiki. Kijana huyo ndiye ningemwambia aangalie Bat Yam.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayorudiwa zaidi: kwamba wachezaji wetu hawafiki mbali kwa sababu hawana uvumilivu, wanakumbuka nyumbani, wanashindwa baridi, wanataka ugali. Hoja hii inapendwa kwa kuwa haimdai mtu yeyote kitu isipokuwa mchezaji. Samatta alifika Genk Januari, katikati ya majira ya baridi, baada ya miaka ya Lubumbashi nchini Kongo, na baridi haikumzuia. Novatus amepitia Israel, Ubelgiji, klabu ya Ukraine iliyokuwa ikichezea mechi zake za nyumbani za Ulaya huko Hamburg kwa sababu ya vita, na sasa Uturuki. Ukifuatilia kwa makini wanaorudi mapema, mara nyingi utakuta sababu za kawaida kabisa: kocha aliyemtaka amefukuzwa, jeraha limechelewa kutibiwa, kibali kimeisha muda, mkataba ulikuwa wa miezi sita na hakuna aliyemwambia maana yake. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniletea mkataba nimsomee. Ulikuwa wa kurasa mbili. Ulitaja posho, ulitaja tiketi ya kwenda, haukutaja tiketi ya kurudi, na haukuwa na neno hata moja kuhusu nani angelipia matibabu akiumia. Baba yake alikuwa ameshauza kiwanja kwa ajili ya gharama za wakala. Nilimwomba asisaini, akasaini, na sikumlaumu, kwa sababu sikuwa na kingine cha kumpa. Huwezi kumwambia kijana yule tatizo ni uvumilivu.

Kwa mantiki hiyo, ninapoitazama njia ya kuelekea 2027, naona kazi ya vyama vyetu vya soka ni ya kiofisi kuliko ya uwanjani. Mtu mmoja mwenye kompyuta na ratiba anaweza kuhesabu kila wiki dakika za kila Mtanzania, Mkenya na Mganda anayecheza nje, kwa daraja lolote, na kocha akaita kikosi kwa kutazama orodha hiyo badala ya ukubwa wa jina la klabu. Orodha hiyo ingemwokoa mchezaji wa Rochdale anayecheza kila Jumamosi, na ingemwondoa, bila ugomvi, anayepasha benchi katika klabu yenye jina. Ingemwondoa pia, na hili mashabiki wa Kariakoo tulikubali mapema, mchezaji wa Simba au Yanga ambaye hajaanza mechi tatu mfululizo.

Klabu za nyumbani nazo zina maslahi ambayo zinayaacha mezani. Mara nyingi klabu hukataa kumwachia kijana aende ligi ya chini kwa kuwa ada inayotolewa ni ndogo, ikisubiri siku atakaponunuliwa na klabu kubwa. Siku hiyo kwa wengi haifiki, na kijana anafikisha miaka 24 akiwa bado "anasubiri dili". Lakini kanuni za FIFA zinasema kila mchezaji anapouzwa kimataifa kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa mwaka wake wa 12 hadi wa 23. Klabu iliyokuwa naye kuanzia miaka 16 hadi 18 hupata asilimia 0.5 kwa kila msimu, yaani asilimia 1.5. Kijana akiuzwa kwa yuro milioni 1, hizo ni yuro 15,000, na akiuzwa tena zinakuja nyingine. Kwa timu ya Musoma au Tanga hiyo ni nauli na kambi ya wiki nyingi. Mlango wa fedha hizo hufunguka mchezaji anapohama na kuhama tena, kutoka daraja la pili la nchi moja kwenda la kwanza la nyingine, kama alivyohama Novatus. Aliyefungiwa benchi Dar es Salaam hauzwi popote.

Ili fedha hizo zilipwe, jina la klabu lazima liwemo katika pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizochezea, kwenye mfumo wa FIFA, pamoja na tarehe aliyosajiliwa na tarehe aliyoondoka. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia kituo maalumu cha FIFA kinachosoma kumbukumbu hizo, na ambacho hakiwezi kuilipa klabu isiyoonekana ndani yake. Timu za mitaa zilizowalea wachezaji wetu wengi zilikuwa na kocha, mipira miwili na daftari la mahudhurio. Kocha wa watoto anayesoma makala haya, mwenye kijana wa miaka 12 anayewazidi wenzake, aende wiki hii kwenye chama cha soka cha wilaya yake amsajili, achukue nakala, na aitunze.